Tusi si malumbano, jamani

Juzi tena mzazi mmoja kanijia hapa Ngamiani, Tanga, simu mkononi. "Mwalimu, hebu soma, nimemkomesha!" Nikasoma. Mwenzake kwenye kundi la wazazi aliuliza mbona mchango wa uji wa watoto umepanda kutoka shilingi 500 hadi 800 kwa wiki. Jibu la mgeni wangu: "Aliyeachwa mara mbili asitufundishe hesabu." Zikafuata jumbe 63. Wengine vicheko, wengine wanamtetea mwenzao. Bei ya sukari hakuitaja mtu.

"Haya, na uji umepandia nini?" nikamuuliza.

"Si yamekwisha hayo, Mwalimu?"

Nasimamia midahalo ya wanafunzi mwaka wa kumi na tisa huu, na maneno ninayoambiwa ni yaleyale:

"Sisi watu wa pwani, vijembe ndiyo jadi yetu."

Hili ndilo linalonipandisha presha. Kila mwenye mdomo mchafu Tanga hii anajificha nyuma ya malumbano na taarabu, utadhani wazee wetu walikuwa wahuni. Malumbano ni kujibizana kwa mashairi, na yana masharti. Malenga Muyaka wa Mombasa alitupiana mashairi na malenga wa Lamu karne ya 19, wakati watu wao wanashikiana silaha, na bado tungo zilikuwa tungo. Anayejibu hufuata bahari, yaani mtindo wa shairi, ya mwenzake, mara nyingi na vina vyake, na alichofumbiwa lazima akifumbue. Ukiliruka fumbo ukaenda kumsema mtu pua yake, wasikilizaji wanajua umekwama. Hapahapa mjini vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star vilipigana kwa nyimbo, na utamu ulikuwa kumchoma mtu bila kumtaja, abaki anajishuku mwenyewe.

Sasa hilo la "aliyeachwa" lina fumbo gani? Nimelihesabu mizani, yaani silabi: tisa kwa tisa. Shairi letu la kawaida ni nane kwa nane, kwa hiyo hata hapo kakosea. Tena mwenzake angeachwa hata mara saba, zile 300 zilizoongezeka zingebaki 300. Swali liko palepale lilipoachwa, na watoto wanasubiri uji.

"Asiyejibu tusi kashindwa." Kwenye midahalo yangu anayetukana anakatwa alama, anayeirudisha mada anaongezewa. Nyinyi mnahesabu vicheko.

"Ukimsema mtu tu, umeacha hoja." Hii ni ya vijana waliookota "ad hominem" (kumshambulia mtu badala ya hoja yake) mahali, sasa wanawarushia wenzao kama jiwe. Mwanafalsafa Mwingereza John Locke alipoliandika neno hilo mwaka 1690 alikusudia kumbana mtu kwa yale aliyoyakubali mwenyewe, matusi hakuyataja. Na kuna pahali tabia ya mtu ndiyo hoja yenyewe. Anayegombea uweka hazina wa kikoba huku deni lake la mwaka jana halijarudi, mwulizeni! Mahakamani nako shahidi huhojiwa uaminifu wake.

"Natania tu." Utani una wenyewe: babu na mjukuu, mashemeji, makabila yenye utani. Usiyetaniana naye umemtukana.

"Ya kwenye simu hayana kesi." Someni Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 23. Ukimtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumuumiza moyo, faini haipungui shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Bei hiyo ni ya uji wa miaka mingapi?

Dawa yangu ni moja na wanafunzi wangu wameichoka: kabla hujajibu, andika alichosema mwenzio kwa sentensi moja ambayo yeye mwenyewe angeikubali. Nikampa mgeni wangu kalamu na mgongo wa risiti. Akaanza, "Anajifanya anajua..." Nikakata. Akaanza tena, nikakata tena. Mara ya tatu akaandika, "Anauliza kwa nini uji umepanda." Akaitazama ile risiti kitambo.

"Lakini kweli, Mwalimu, mbona umepanda?"