Grandmasta ni nani hasa?

Mtu akiwafunga wenzake wote kijiweni, ataitwa grandmasta mpaka jioni. Hapo neno hilo ni sifa tu. Lakini katika chesi, ambayo wazee waliijua kwa jina la sataranji, grandmasta ni cheo rasmi chenye masharti yaliyoandikwa. Hutolewa na FIDE, shirikisho la kimataifa la chesi lililoundwa Paris mwaka 1924. Shirikisho lilianza kukitoa mwaka 1950, na wachezaji 27 ndio waliokuwa wa kwanza kukipokea. Ukishakipata ni chako maisha yote, hata uzee ukikupunguzia makali.

Njia ya kawaida ya kukifikia ina masharti mawili, na yote mawili hayana budi kutimia.

La kwanza ni kufika pointi 2500 za Elo, hata kwa siku moja. Elo ni jina la mtu: Arpad Elo, mwalimu wa fizikia mzaliwa wa Hungaria aliyeishi Marekani, ambaye hesabu yake ilianza kutumiwa na FIDE mwaka 1970. Hesabu hiyo haiangalii umeshinda mara ngapi. Inaangalia umemshinda nani. Ukimzidi mpinzani pointi 200, unatarajiwa kukusanya kama asilimia 76 ya alama zinazogombewa kati yenu (ushindi ni alama moja, sare ni nusu). Ukifanya zaidi ya hapo unapanda, ukifanya pungufu unashuka.

Hapa ndipo penye uchungu wa mchezaji hodari anayeishi mahali ambapo wachezaji wakubwa ni wachache. Tuseme ana 2400 na wenzake wengi wako chini ya 2000. Kila anaposhinda anaongeza pointi 0.8 tu. Akitoka sare mara moja anapoteza 4.2. Maana yake, ushindi wa mara tano mfululizo hautoshi kufuta sare moja. Anaweza kuwa bingwa wa taifa miaka kumi na pointi zake zisisogee. Watu humlaumu kwamba ameridhika, kumbe hesabu ndiyo inayomfunga.

Sharti la pili ni normu. Normu ni mashindano ambayo mchezaji ameyacheza kwa kiwango cha mtu mwenye pointi 2600 au zaidi, kwa kawaida michezo tisa, na kati ya wapinzani wake wakiwemo angalau magrandmasta watatu. Wapinzani hao pia hawaruhusiwi kuwa wote wa nchi yake. Normu zake zikijumlishwa zinapaswa kufikia michezo 27, ndiyo maana husemwa kwamba mtu anahitaji normu tatu. Sasa fikiria nauli, viza na hoteli ya siku kumi, kisha urudi nyumbani umeikosa normu kwa nusu alama. Wanaoishi Ulaya hupanda treni na kujaribu tena mwezi unaofuata.

Kwa hiyo ninapolitaja jina la Amon Simutowe wa Zambia huwa nalitaja kwa heshima kubwa. Mwaka 2000 alishika nafasi ya pili katika mashindano ya dunia ya vijana huko Yerevan, Armenia. Baadaye alikwenda kusoma Texas kwa ufadhili wa masomo. Normu ya mwisho aliipata Arnhem, Uholanzi, mwaka 2007, na cheo kikathibitishwa 2009. Akawa grandmasta wa kwanza kutoka nchi za kusini mwa Sahara. Kaskazini, Slim Bouaziz wa Tunisia alikuwa ameshatangulia tangu 1993, na Bassem Amin wa Misri amefika hata kuvuka 2700, kiwango ambacho Mwafrika mwingine hajakifikia kabla yake. Kenny Solomon wa Afrika Kusini alipita mlango mwingine: alitwaa ubingwa wa Afrika mjini Windhoek mwaka 2014, na ubingwa huo ukampa cheo moja kwa moja.

Chini ya grandmasta kuna Masta wa Kimataifa, wanaohitaji 2400. Uganda imewatoa Elijah Emojong na Arthur Ssegwanyi. Wanawake wana ngazi zao pia, na Phiona Mutesi wa Katwe, Uganda, alipata mojawapo, ile ya Mgombea Masta, baada ya Olimpiadi ya chesi ya Istanbul ya 2012. Ila watu wengi huchanganya: grandmasta wa wanawake ni cheo tofauti, kinachohitaji 2300, na hakimzuii mwanamke kugombea kile kikubwa. Nona Gaprindashvili wa Georgia alikipata mwaka 1978. Judit Polgar wa Hungaria alikipata 1991 akiwa na miaka 15, akavunja rekodi ya umri iliyowekwa na Bobby Fischer mwaka 1958.

Nimesema cheo ni cha maisha. Lakini udanganyifu unaweza kukiondoa. Igors Rausis, grandmasta aliyewahi kuichezea Latvia, alinaswa na simu chooni wakati wa mashindano huko Strasbourg mwaka 2019, na FIDE ikamvua cheo.

Na je, cheo kinalisha? Kwa wachache walio juu kabisa, ndiyo. Duniani wamekwisha kupewa cheo hiki watu zaidi ya 2000, na zawadi nono hazitoshi kuwafikia wote. Grandmasta wa kawaida huunganisha vipato: anachezea klabu kwenye ligi kama ile ya Ujerumani, anafundisha watoto, anamwandalia mchezaji mkubwa zaidi namna za kufungua mchezo. Mara nyingi waandaaji humpunguzia au kumsamehe ada ya kiingilio, na pengine humlipia malazi. Msaada huo unamfikia akiwa ameshakuwa grandmasta, wakati aliuhitaji zaidi alipokuwa bado anatafuta normu ya pili.