Pampu ya Umeme Ndani ya Kisima cha Mafuta: Ukubwa Wake Huamuliwa na Kisima

Wengi hudhani pampu ya kisima cha mafuta huyafyonza mafuta kutoka mwambani. Sivyo. Mafuta husukumwa na shinikizo la mwamba wenyewe. Pampu huyaondoa yaliyokwisha kuingia kisimani ili uzito wake usiyazuie yanayofuata. Kisima kichanga mara nyingi hububujika chenyewe. Miaka ikienda shinikizo hupungua, maji huongezeka, na hapo ndipo pampu ya umeme ya kuzamishwa inapohitajika.

Chukulia kisima kinachotoa mita za ujazo 2 kwa siku kwa kila bar 1 (bar ni kipimo cha shinikizo) ya tofauti ya shinikizo kati ya mwamba na kisima. Mwamba ukiwa na bar 200 na chini ya kisima pakiwa na bar 160, utapata mita za ujazo 80. Pampu ikishusha hiyo 160 hadi 120, utapata 160. Mazao yameongezeka maradufu na mwamba haujaguswa.

Hesabu hiyo ina mpaka. Shinikizo likishuka mno, gesi iliyoyeyuka ndani ya mafuta huchomoka kama kwenye soda iliyofunguliwa. Gesi nyingi ikijaa ndani ya pampu, mashine huzunguka bure bila kusukuma kitu. Kipo kifaa cha kuitenga gesi, lakini nacho kina kikomo chake.

Mtambo wenyewe ni mrefu na mwembamba, huning'inizwa kwenye bomba, mara nyingine zaidi ya mita 2,000 chini ya ardhi. Juu kuna pampu yenye makumi au mamia ya pangaboi zilizopangwa moja juu ya nyingine, kila moja ikiongeza msukumo kidogo. Mota iko chini, na kwa makusudi: mafuta yakipita ubavuni mwake huipoza. Kwa hiyo huwekwa juu ya matundu yanayoingiza mafuta kisimani, la sivyo ivishwe ganda linaloyalazimisha mafuta kuipitia kwanza. Anayepuuza hili ataunguza mota. Aliyeutengeneza mtambo wa aina hii ni Armais Arutunoff, mzaliwa wa Tbilisi, aliyehamia Marekani mwaka 1923.

Kishawishi kikubwa ni kuongeza kasi. Kidhibiti cha kasi ya mota kikipandisha masafa ya umeme, yaani idadi ya mizunguko yake kwa sekunde, kutoka hezi 50 hadi 60, kiasi kinachosukumwa huweza kupanda kwa asilimia 20, lakini nguvu inayohitajika hupanda kwa takriban asilimia 73. Binafsi naona meneja anayeitazama ile 20 peke yake hajasoma bili yote. Tena kisima kikivutwa ghafla huleta mchanga, nao husaga pangaboi. Kasi ipandishwe polepole, huku shinikizo la mlangoni mwa pampu na joto la mota vikifuatiliwa. Mkondo wa umeme ukiyumbayumba, shuku gesi kwanza.

Kuitoa pampu iliyokufa ni kazi ghali, maana lazima uletwe mtambo wa kunyanyulia bomba lote, na siku hizo kisima hakitoi kitu.

Na ikizimika, isiwashwe papo hapo. Kama hakuna vali ya kuzuia, mafuta yaliyomo bombani hurudi chini na kuizungusha kinyume. Kuiwasha wakati huo kunaweza kuvunja mhimili.