Nyimbo zilizovuma katikati ya miaka ya 1960: yanayosemwa na yaliyotokea

Nyimbo zilizovuma kati ya mwaka 1964 na 1966 zimesimuliwa mara nyingi mno, hata masimulizi yenyewe yamekuwa mashuhuri kuliko kumbukumbu za studio. Ukiyapekua utaona kwamba mengi yanaegemea upande mmoja: sauti iliyousambaza wimbo ndiyo inayopewa heshima yote, huku mtunzi, mpangaji wa ala, fundi wa mitambo na yule aliyeuimba kabla haujawa maarufu wakisahaulika. Dhana zilizochaguliwa hapa husikika hata kwa watangazaji wa redio, watu ambao kazi yao ni kujua zaidi.

Dhana: “The House of the Rising Sun” ni utungo wa The Animals, au waliuchukua kwa Bob Dylan

Wimbo huu hauna mtunzi anayejulikana. Ni wimbo wa jadi wa kusini mwa Marekani, unaosimulia maisha yaliyoharibikia katika nyumba moja ya New Orleans, na ulirekodiwa mwaka 1933 na Clarence Ashley pamoja na Gwen Foster. Ashley alieleza kwamba aliupokea kwa babu yake. Mwaka 1937 mkusanyaji wa nyimbo Alan Lomax alifika Middlesboro, katika jimbo la Kentucky, akamrekodi Georgia Turner, msichana wa miaka 16, binti wa mchimba madini. Katika kinywa chake anayelia ni mwanamke aliyepotea. Katika toleo la The Animals, kundi la Uingereza, anayelia ni kijana wa kiume mwenye baba mcheza kamari.

Dylan naye aliuweka katika albamu yake ya kwanza ya mwaka 1962, lakini mpangilio alioutumia ulikuwa wa Dave Van Ronk, mwimbaji wa Greenwich Village aliyekuwa akikusudia kuurekodi mwenyewe. Van Ronk alisimulia baadaye, kwa kicheko zaidi kuliko kinyongo, kwamba ilimbidi auache wimbo huo kwa sababu watu walimwambia ameuiba kwa Dylan, kisha Dylan naye akauacha kwa sababu watu walimwambia ameuiba kwa The Animals. Sioni mfano bora zaidi wa jinsi umaarufu unavyoandika historia kinyumenyume.

The Animals walikuwa katika ziara ya Uingereza pamoja na Chuck Berry walipoingia studio mjini London tarehe 18 Mei 1964 na kuumaliza wimbo kwa mkupuo mmoja. Ulikuwa na urefu wa zaidi ya dakika nne, jambo lililowatia hofu wauzaji wa santuri wa wakati ule, na nchini Marekani ulikatwa ili redio ziupokee. Hata hivyo ulishika namba moja Uingereza mwezi Julai na Marekani mwezi Septemba. Kwenye lebo, mpangilio uliandikwa kwa jina la mpiga kinanda Alan Price peke yake. Maelezo waliyopewa wenzake ni kwamba nafasi ya majina matano haikuwepo. Gitaa linaloufungua wimbo, ambalo karibu kila anayejifunza ala hiyo huanza nalo, ni la Hilton Valentine, lakini mrabaha wa mpangilio ulikwenda kwa yule aliyeandikwa. Kundi lilivunjika baada ya miaka michache, na suala hilo halikuwahi kusahauliwa.

Dhana: “Malaika” ni wimbo wa Miriam Makeba

Miriam Makeba na Harry Belafonte waliuimba pamoja katika albamu yao ya mwaka 1965, iliyopata tuzo ya Grammy mwaka uliofuata, na tangu hapo wasikilizaji wengi wa Ulaya na Marekani wameamini kwamba umetoka Afrika Kusini. Waliouingia muziki baadaye zaidi waliupata kwa Boney M mwaka 1981, na wapo wanaoapa kwamba ni wa kundi hilo. Ukweli ni kwamba santuri iliyoutambulisha ilirekodiwa Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960 na Fadhili William akiwa na Jambo Boys, miaka kadhaa kabla ya toleo la Makeba na Belafonte. Anayejua Kiswahili hahitaji hata santuri hiyo ili kushuku: shida inayoimbwa pale, ya kijana anayependa lakini hana fedha za kuoa, inaimbwa kwa lugha ya mtu aliyeiishi.

Hapo ndipo masahihisho mengi hukomea, na hapo ndipo yanapozaa dhana nyingine, kwamba Fadhili ndiye mtunzi bila ubishi. Fadhili alishikilia hivyo hadi alipofariki mwaka 2001, lakini mwanamuziki Adam Salim alidai kwamba yeye ndiye aliyeutunga akiwa Nairobi katika miaka ya 1940, kwa ajili ya msichana aliyemkosa kwa sababu ya mali. Wapo na wengine waliojitokeza kudai. Kwa hiyo mwandishi mwangalifu husema kwamba Fadhili William ndiye aliyeurekodi na kuupa umbo tunalolijua, na kwamba utunzi wake unagombaniwa. Sentensi hiyo haina ladha ya kishindo, lakini ndiyo inayosimama.

Dhana: Aretha Franklin alitunga “Respect”, na “My Boy Lollipop” ni utungo wa Jamaika

“Respect” aliutunga Otis Redding, akautoa mwaka 1965 kama ombi la mume anayerudi nyumbani amechoka na anayetaka heshima. Aretha aliurekodi New York tarehe 14 Februari 1967, akaugeuza msemaji kuwa mwanamke, akaongeza ile sehemu ya kuitaja heshima herufi kwa herufi ambayo haimo kabisa katika toleo la Redding. Jukwaani katika tamasha la Monterey, California, mwezi Juni mwaka huohuo, Redding alitania kwamba wimbo wake umechukuliwa na msichana. Utani huo una upande wa pili usiochekesha: kwa sheria ya Marekani redio humlipa mtunzi wala si mwimbaji, kwa hiyo kila mara toleo la Aretha lilipopigwa hewani, malipo yalikwenda upande wa Redding.

Kuhusu “My Boy Lollipop” ya mwaka 1964, mwimbaji Millie Small alikuwa Mjamaika, na mpangilio wa mdundo wa ska, muziki wa dansi wa Jamaika, ulikuwa wa mpiga gitaa Ernest Ranglin, Mjamaika pia, lakini wimbo wenyewe ulirekodiwa kwanza New York mwaka 1956 na msichana aliyeitwa Barbie Gaye. Na harmonika inayosikika humo haikupigwa na mwimbaji Rod Stewart, kama inavyodaiwa mara nyingi; mwenyewe amekana.

Dhana: Simon na Garfunkel waliamua kuacha gitaa kavu na kuingia muziki wa umeme

Hawakuamua chochote, kwa sababu hawakuwa na habari. “The Sound of Silence” ilirekodiwa Machi 1964 kwa sauti mbili na gitaa kavu, ikatoka katika albamu ya Oktoba mwaka huo iliyouzwa kidogo sana, na wawili hao wakaachana. Paul Simon akaenda Uingereza kuimba katika vilabu vidogo. Katika masika ya mwaka 1965 redio za Boston na Florida zilianza kuombwa wimbo huo na wanafunzi, na mtayarishaji Tom Wilson, mmoja wa watayarishaji wachache weusi katika kampuni kubwa za wakati ule, akaona nafasi. Mwezi Juni aliwaita wapigaji wa studio waongeze gitaa la umeme, besi na ngoma juu ya rekodi ileile ya zamani. Kazi haikuwa nyepesi, kwa kuwa Simon alipopiga gitaa lake hakuwa akifuata mdundo wa mtu yeyote, na wapigaji walilazimika kumkimbiza pale alipoharakisha na kumsubiri pale alipolegeza. Ukisikiliza kwa makini utawasikia wakifanya hivyo. Wimbo ulitoka Septemba, ukafika namba moja Marekani siku ya kwanza ya mwaka 1966, ndipo wawili hao wakarudiana kwa haraka kuandaa albamu nyingine. Sehemu kubwa ya sifa wanazopewa kwa uamuzi huo ni za Wilson.

Dhana inayofanana na hiyo inaihusu “Yesterday”, ambayo wengi huihesabu kuwa kazi ya Beatles wote wanne na kwamba ilitikisa chati za Uingereza. Lebo imeandikwa Lennon na McCartney kwa mujibu wa mapatano yao, lakini tarehe 14 Juni 1965 Paul McCartney aliirekodi peke yake na gitaa, kisha siku tatu baadaye wakaongezwa wapiga fidla, viola na chelo; hakuna Beatle mwingine anayesikika humo. Ilikaa namba moja Marekani kwa wiki nne, ilhali Uingereza haikutolewa kama santuri ndogo hadi mwaka 1976, na aliyeipeleka katika chati za huko mwaka 1965 alikuwa Matt Monro. Kisa cha ndoto, kinachoonekana kama uongo wa matangazo, ndicho cha kweli: McCartney aliamka na lahani kamili kichwani, akazunguka muda mrefu akiwauliza watu kama ni ya mtu mwingine, na kwa kuwa hakuwa na maneno aliiimba kwa maneno ya mzaha kuhusu mayai ya kuvuruga.

Dhana: Rolling Stones walivumbua mkwaruzo wa gitaa katika “Satisfaction”

Mkwaruzo ule ulizaliwa kwa hitilafu mjini Nashville. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati Marty Robbins akirekodi “Don’t Worry”, kifaa kimoja katika mitambo ya studio kiliharibika, na besi ya Grady Martin ikatoka ikikoroma. Walikubali kuiacha vile, na fundi wa studio hiyo, Glenn Snoddy, akabuni kifaa cha kuutoa mkoromo huo kwa makusudi, ambacho kampuni ya Gibson ilianza kukiuza mwaka 1962. Wanunuzi hawakukichangamkia.

Keith Richards, mpiga gitaa wa Rolling Stones, alikitumia Mei 1965 kwa nia tofauti kabisa. Alitaka kuonyesha tu mahali ambapo tarumbeta zingepiga, na aliuona mkwaruzo kuwa rasimu ya kufutwa baadaye. Wenzake walimzidi kura, santuri ikatoka kama ilivyokuwa, ikashika namba moja Marekani mwezi Julai, na vile vifaa vilivyokuwa vimelala madukani vikaisha. Atakaye kusikia Richards alichokuwa nacho kichwani ana pa kwenda: Otis Redding aliurekodi wimbo huo Memphis mwaka huohuo akiwa na tarumbeta kamili.

Dhana: “Dancing in the Street” ilikuwa wito wa siri wa machafuko

Martha and the Vandellas waliutoa wimbo huu majira ya joto ya mwaka 1964. Mickey Stevenson, aliyeutunga na Marvin Gaye na Ivy Jo Hunter, alieleza kwamba wazo lilitokana na watu wa Detroit waliokuwa wakicheza barabarani kwenye maji ya mabomba ya zimamoto yaliyofunguliwa ili kupunguza joto. Mwaka mmoja baadaye mtaa wa Watts, Los Angeles, uliwaka moto, na mwaka 1967 ikafuata Detroit yenyewe, hapo ndipo wimbo ukapewa maana ya pili. Martha Reeves amekana kwa miaka yote kwamba aliimba chochote zaidi ya furaha.

Namwamini, lakini sidhani kwamba waliousikia vingine walikosea moja kwa moja. Miji inayotajwa katika wimbo huo, kama Chicago, Philadelphia, Baltimore na Washington, ni ileile yenye wakazi wengi weusi waliokuwa wakidai haki zao, na wanaharakati waliupiga katika mikutano yao kwa sababu hiyo. Kilichopotoka ni kudai kwamba maana hiyo ilipangwa ndani ya studio za Motown, kampuni ya Detroit iliyoutoa wimbo huo.

Dhana: “Louie Louie” imejaa matusi

Richard Berry wa Los Angeles alitunga wimbo huu mwaka 1955, na maneno yake ni ya upole: baharia wa Jamaika anamweleza mhudumu wa baa jinsi anavyomkumbuka mpenzi wake na safari ya siku kadhaa itakayomrudisha kwake. Tatizo lilianza Aprili 1963, pale The Kingsmen walipourekodi Portland, Oregon, kwa gharama ya takriban dola 50. Kipaza sauti kilining’inizwa juu sana, mwimbaji Jack Ely akalazimika kuinua shingo na kupiga kelele huku meno yake yakiwa yamefungwa nyaya za kuyanyoosha, na maneno yakamezwa yote. Vijana walijaza pengo hilo kwa matusi waliyoyatunga wenyewe na kuyapitisha shuleni kwenye vikaratasi. Mapema mwaka 1964 gavana wa Indiana, Matthew Welsh, aliutangaza kuwa mchafu, na wapelelezi wa FBI wakaingia kazini.

Uchunguzi uliendelea hadi mwaka 1965. Waliipiga santuri kwa kasi mbalimbali, wakakusanya vikaratasi vya wanafunzi, na mwishowe wakaandika kwamba maneno hayaeleweki kwa kasi yoyote. Ely, ambaye ndiye aliyeyatamka, hakuhojiwa. La kuchekesha ni kwamba tusi moja la kweli limo, karibu na sekunde ya 54, pale mpiga ngoma Lynn Easton alipokosea fimbo na kulalamika kwa mbali, wapelelezi hawakulitaja.

Ghadhabu hizo zote ziliuza santuri nyingi, lakini Berry hakufaidika nazo. Mwishoni mwa miaka ya 1950, akitafuta fedha za harusi, alikuwa ameuza haki zake za wimbo huo pamoja na nyimbo nyingine kwa dola 750. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni moja ya vinywaji ilitaka kuutumia katika tangazo na ikahitaji saini yake. Mwanasheria aliyemtafuta akamweleza kwamba angeweza kudai haki zake, akadai, na suala likamalizwa kwa mapatano yaliyomfanya kuwa tajiri miaka kama kumi kabla ya kifo chake mwaka 1997.