Boma la Arusha: ukuta wa chokaa hautaki saruji

Ukipanda Barabara ya Boma kutoka mnara wa saa, unaishia kwenye kuta nyeupe za ngome ya Wajerumani, leo Makumbusho ya Elimu Viumbe. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri, Ovir na Segebrock, waliuawa Akeri, kwenye mteremko wa Meru. Kapteni Johannes wa jeshi la Wajerumani akaja kutoka Moshi na askari pamoja na wapiganaji wa Kichaga. Mashamba yakachomwa, ng'ombe wakatekwa. Kisha Waarusha wakashurutishwa kujenga makao ya mtawala wao mpya, yaliyokamilika mwaka 1900. Mgeni anayeingia kutazama historia ya chimbuko la binadamu aelezwe hili kwanza, maana kila jiwe pale lilibebwa na mtu asiyependa. Waingereza waliiteka Arusha mwaka 1916, Boma likabaki la serikali, na makumbusho yakafunguliwa mwaka 1987.

Majengo ya Kijerumani ya wakati ule ni mawe na chokaa, na hapo ndipo mafundi wengi wanapoyaua kwa nia njema. Ukuta wa chokaa unafyonza unyevu wa ardhini na kuutoa taratibu kupitia lipu. Ukiupiga saruji, unyevu unakosa njia, unapanda juu zaidi, chumvi inaganda nyuma ya lipu, na uso wa jiwe unamomonyoka bila mtu kuona.

Kabla ya kushika mwiko, tengeneza kwanza mifereji ya bati, ushushe na udongo uliorundikana ukutani. Bila hivyo unapoteza chokaa yako. Chokaa iliyochomwa imwagie maji hadi iache kuchemka, kisha iache chini ya maji mwezi mmoja. Mitatu ni bora zaidi. Changanya sehemu moja ya uji huo na tatu za mchanga mkali uliochekechwa, usio na udongo. Chimbua maungio mabovu kina mara mbili ya upana wake, piga brashi, lowesha mawe. Kila tabaka la lipu lisizidi milimita 10. Funika kwa magunia mabichi wiki nzima, hasa Januari na Februari jua linapowaka: ikikauka haraka haishiki, inabaki unga. Rangi iwe chokaa ya maji, si ya plastiki.

Lipu ya saruji iliyokwisha kuachana na ukuta utaijua kwa kuigonga kwa kifundo cha kidole. Inalia kama debe tupu.