Marburg Kagera: tunayodhani kuhusu nani anaongoza mlipuko, na ilivyo kweli

Tarehe 16 Machi 2023, Mganga Mkuu wa Serikali, Profesa Tumaini Nagu, alitoa taarifa kwamba watu saba mkoani Kagera wameugua ugonjwa usiojulikana na watano kati yao wamefariki. Siku tano baadaye Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, akautaja ugonjwa wenyewe: Marburg, homa kali ya virusi vya jamii moja na Ebola, mara ya kwanza kuthibitishwa Tanzania. Tarehe 2 Juni mlipuko ukatangazwa kuwa umeisha. Wagonjwa tisa, vifo sita.

Wengi wetu tunaukumbuka kwa matangazo hayo ya viongozi. Yaliyofanyika katikati, vijijini, hayakupata kamera nyingi, na ndiyo maana dhana zifuatazo bado zinasikika hadi leo.

Dhana: Mlipuko ni kazi ya Wizara ya Afya, wilaya inasubiri maelekezo

Wizara inatunga sera na miongozo na ina maabara ya taifa. Lakini zahanati, kituo cha afya na hospitali ya wilaya viko chini ya halmashauri, na halmashauri ziko chini ya TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Kwa hiyo mgonjwa wa kwanza wa ugonjwa wa ajabu, karibu kila mara, anaangukia mikononi mwa serikali za mitaa kabla mtu yeyote Dodoma hajasikia.

Mfano mzuri ni Ruangwa, mkoani Lindi, Julai 2022. Wagonjwa wenye homa na kutokwa damu puani walifika Zahanati ya Mbekenyera. Taarifa ikapanda hadi mkoani na wizarani, timu ikashuka na kuchukua sampuli. Ebola na Marburg zikaondolewa kwenye orodha, na mwisho ikabainika ni homa ya mgunda, inayosambazwa na wanyama. Kazi ya wizara ilikuwa kubwa, ila ilianza pale mtumishi wa zahanati alipoona kitu si cha kawaida na kukiripoti.

Hebu tazama rejesta ya wagonjwa wa nje katika zahanati yoyote: jina, umri, makazi, dalili, dawa. Mwenye kuijaza kwa haraka anaandika "homa" na kumpa mtu dawa ya malaria. Mwenye kuisoma huona kwamba watu watatu wa kitongoji kimoja, wa nyumba moja, wamekuja wiki hiyo hiyo na homa isiyosikia dawa. Hapo hahitaji kibali cha mtu. Magonjwa kama Marburg ni ya kuripotiwa papo hapo, ndani ya saa 24, hata kama ni kuhisi tu. Mtumishi anayeogopa kukaripiwa kwa "kutoa taarifa isiyo na uhakika" atanyamaza, na ukimya wake utatugharimu kuliko simu kumi za tahadhari zilizokuja kuonekana si kitu. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo ambalo viongozi wa wilaya wanaweza kulirekebisha bila kuongezewa hata shilingi.

Dhana: Wagonjwa tisa tu, makelele yote yalikuwa ya nini?

Kwa sababu walibaki tisa. Anayedhaniwa kuwa mgonjwa wa kwanza alikuwa ametoka kisiwa cha Goziba, Ziwa Victoria, akaugua baada ya kufika kijijini. Ndugu zake wakaambukizwa, kisha watumishi wa afya. Watu 212 waliotangamana na wagonjwa walitambuliwa na kufuatiliwa.

Marburg huweza kukaa mwilini hadi siku 21 kabla ya dalili, hivyo kila mmoja anapaswa kuonwa kila siku kwa muda wote huo. Zidisha 212 kwa 21, utapata zaidi ya mara 4,400 za kubisha hodi, kupima joto na kuuliza nani ametapika. Kazi hiyo haifanywi na ofisa aliyetua na ndege. Inafanywa na mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayejua njia ya kupita katikati ya migomba, akiwa na mtendaji wa kijiji anayejua nani amehamia kwa shemeji yake kata jirani. Naye anahitaji mafuta ya pikipiki, vocha na kipimajoto, leo, si baada ya kikao cha bajeti. Familia iliyoambiwa isitoke nayo inahitaji chakula. Msipowapelekea, watakwenda shambani, na hakuna mwenye haki ya kuwalaumu.

Dhana: Kutangaza mapema kunaleta taharuki

Januari 2025 Marburg ilirudi Kagera, safari hii Biharamulo. Katikati ya mwezi Shirika la Afya Duniani lilizungumzia watu waliohisiwa kuugua wilayani humo, wakati Wizara ilisema sampuli zilizopimwa hazikuonyesha virusi hivyo. Tarehe 20 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na Dkt. Tedros, Mkurugenzi Mkuu wa shirika hilo, alithibitisha mgonjwa mmoja. Hadi mlipuko ulipotangazwa kuisha, tarehe 13 Machi, walihesabiwa watu kumi, wawili waliothibitishwa na wanane wenye uwezekano mkubwa wa kuwa waliugua, na wote walifariki.

Siku hizo chache za kauli mbili zina uzito. Mwananchi anaposikia sauti mbili, anayefungiwa mlango ni yule mhudumu wa kijijini. Inawezekana kabisa kusema "tunachunguza, majibu hayajakamilika, mkiona dalili hizi pigeni 199" bila kumtisha mtu.

Dhana: Kamati ikishaundwa, uratibu umepatikana

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati kuanzia taifa hadi kijiji, na Ofisi ya Waziri Mkuu ina dawati la Afya Moja linalokutanisha watu wa afya, mifugo na wanyamapori. Ni mpangilio mzuri. Swali ni kama kamati ya kata iliwahi kukaa hata mara moja kabla ya janga, na kama daktari wa mifugo wa wilaya ana namba ya simu ya Mganga Mkuu wa Wilaya.

Dhana: Tungefunga mipaka tu

Kagera inapakana na Uganda, Rwanda na Burundi. Ukifunga vituo vya mpakani vya Mutukula na Rusumo, watu wanahamia njia za panya, ambako hakuna wa kuwapima joto. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri safari na biashara zisizuiwe.

Dhana: Mgonjwa wa mwisho akipona, kazi imekwisha

Huhesabiwa siku 42 bila mgonjwa mpya ndipo mlipuko utangazwe kuisha. Baada ya hapo timu za kitaifa zinaondoka, wilaya inabaki. Virusi vinaweza kubaki miezi kadhaa katika baadhi ya majimaji ya mwili, yakiwemo shahawa, ya mtu aliyepona. Watatu waliopona mwaka 2023 walihitaji kupimwa tena na tena, kushauriwa, na kupokewa na majirani waliokuwa wakiwaogopa, na hayo yote yanafanyika katika kituo cha afya kile kile walichoanzia.