Mamba na nguvu ya kungoja

Watu wakimzungumzia mamba huanza na meno. Sisi tunaofanya kazi na wanyamapori huanza na tumbo. Mamba ni mtambaazi, na mwili wake haujitengenezei joto kama wa simba au wa binadamu. Hulipata kwa kuota jua ukingoni. Kwa kuwa hachomi chakula ili ajipashe joto, mlo mmoja mkubwa humtosha kwa muda mrefu, na mamba mzima anaweza kukaa miezi kadhaa bila kula tena. Mnyama aliyekuja mtoni na kiu hawezi kumshinda kwa kungoja. Waliosema subira huvuta heri hawakuwa wakimfikiria mamba, lakini hakuna anayeufuata usemi huo kama yeye.

Mwili wote umeumbwa kwa kazi hiyo ya kuvizia. Macho, pua na masikio viko juu ya kichwa, karibu usawa mmoja, hivyo mita nne au tano za mnyama hujificha chini ya maji huku yeye akiona, akinusa na kusikia. Akizama kabisa, pua na masikio hujifunga, na kope la tatu linalopitisha mwanga hufunika jicho. Nyuma ya ulimi kuna kizibo cha nyama kinachoziba koo, ndiyo maana huweza kufungua kinywa majini asipaliwe. Kwenye taya zake kuna vidoa vidogo vyeusi ambavyo wengi hudhani ni uchafu. Hivyo ni viungo vya hisia, na hunasa mtikisiko mdogo wa maji hata gizani. Moyo wake wenye vyumba vinne una njia ya kupunguza damu inayokwenda mapafuni, na akitulia huweza kukaa chini ya maji zaidi ya saa moja.

Halafu, kwa kufumba na kufumbua, utulivu wote huisha. Mkia humsukuma mbele, taya zinafunga. Mwaka 2012 watafiti wakiongozwa na Gregory Erickson wa Marekani walichapisha vipimo vya nguvu ya kuuma vya jamii zote za mamba na ndugu zao, na mamba wa maji ya chumvi aliongoza kwa zaidi ya niutoni 16,000. Hiyo ni kama kubanwa na mzigo wa zaidi ya kilo 1,600. Ajabu ni kwamba misuli ya kufungua taya ni dhaifu kabisa. Wataalamu wanaomkamata mamba humfunga mdomo kwa kamba au utepe wa kunata, naye hawezi kuufungua. Kazi hiyo ina watu wake, usijaribu.

Meno yake ni ya kushika, hayakati wala hayatafuni. Kwa hiyo windo kubwa huburutwa majini lizame, kisha mamba huuma na kujiviringisha mpaka pande la nyama ling'oke. Kwenye mzoga mkubwa hukusanyika mamba wengi, na huyu akivuta upande mmoja humsaidia yule anayejiviringisha upande wa pili. Jino likivunjika, jingine huota mahali pake.

Nguvu hizo zina kikomo, na kikomo chake kiko karibu. Misuli ya mamba hufanya kazi kwa mlipuko mfupi bila oksijeni ya kutosha, na tindikali hujaa mwilini haraka. Mamba mkubwa aliyepambana muda mrefu wakati wa kukamatwa anaweza kufa kwa uchovu huo. Nchi kavu hafukuzi mtu kwa umbali mrefu. Ule ushauri wa kukimbia kwa kupinda huku na huku hauna maana yoyote. Kimbia moja kwa moja, ukiyaacha maji nyuma yako.

Tunachokisisitiza kwa jamii zinazoishi kando ya mito na maziwa ni hiki: mamba hujifunza. Mtu akichota maji pale pale, saa ile ile, siku baada ya siku, anampa mamba ratiba. Kutomwona si ushahidi kwamba hayupo, hasa maji yakiwa na tope. Simama mbali na ukingo, chota kwa chombo chenye mpini mrefu au kamba, badilisha mahali, na epuka maji usiku. Matumbo ya samaki yasitupwe penye watu, maana humfundisha mamba kuja. Mvua zikijaza mito, mamba huingia hata kwenye madimbwi ambayo kiangazi yalikuwa salama.

Tusimfanye shetani, hata hivyo. Mashambulizi mengi kwa binadamu hufanywa na jamii mbili tu: mamba wa Nile huku Afrika, na yule wa maji ya chumvi anayepatikana kuanzia India hadi kaskazini mwa Australia. Jamii nyingine nyingi ni ndogo au huwakwepa watu. Mtoto wa mamba wa Nile akianguliwa huwa na urefu wa takriban sentimita 30, chakula chake ni wadudu na vyura, naye mwenyewe ni chakula cha ndege, samaki na kenge. Mama yake hufukua kiota akisikia sauti za watoto mayaini, kisha huwabeba hadi majini ndani ya taya zile zile. Msimu huo ukimkuta mamba jike ametulia mchangani na haondoki, rudi ulikotoka, kwa sababu analinda mayai.

Mtu akikamatwa, apigane kwa nguvu zote na alenge macho. Hakuna uhakika, lakini wapo walioachiwa hivyo. Akiokolewa, zuieni damu kwa kukandamiza jeraha kwa kitambaa safi na mumpeleke hospitali mara moja, hata kama anatembea na matundu ya meno yanaonekana madogo. Kinywa cha mamba kimejaa bakteria, na jeraha lililofungwa nyumbani likaachwa huoza kwa ndani.