Mwanga Uliopolarishwa: Uso Huakisi Nini, na Utando Hufichua Nini?

Mng'ao unaoumiza macho juu ya maji una sifa isiyoonekana kwa macho matupu: mitetemo yake imeelemea upande mmoja. Mwanga wa jua hutetema ukikatisha njia yake pande zote, bila mpangilio. Ukigonga uso laini kwa mshazari, mitetemo iliyolala sambamba na uso ndiyo inayoakisiwa zaidi, na iliyobaki hupenya kwa wingi. Mwanga unaorudi huwa umepolarishwa, yaani mitetemo yake imeelemea upande mmoja.

Mwanafizikia Mfaransa Étienne-Louis Malus aligundua jambo hili Paris mwaka 1808, alipotazama kupitia fuwele jua lililoakisiwa na madirisha ya Kasri la Luxembourg. Mwaka 1815 mwanafizikia wa Uskoti David Brewster akaonyesha kwamba tanjenti ya pembe ambayo upolarishaji hukamilika ni sawa na kigezo cha kupinda mwanga cha kitu chenyewe, yaani namba inayoonyesha kitu hicho hupinda mwanga kiasi gani. Kwa maji pembe hiyo ni nyuzi 53 hivi, kwa kioo cha kawaida 56, zikipimwa kutoka mstari unaosimama wima juu ya uso.

Ndiyo maana miwani ya kupolarisha, inayopitisha mitetemo ya wima, hukata mng'ao wa maji. Miwani yenye giza tupu haifanyi hivyo. Hufifisha kila kitu kwa pamoja. Kwenye metali tupu hata ile ya kupolarisha husaidia kidogo, kwa kuwa metali haina pembe ambayo mtetemo mmoja hutoweka kabisa.

Utando mwembamba, yaani tabaka jembamba lililofunika kitu kingine, una mengi zaidi ya kutueleza, na hapa ndipo mwanga unapogeuka kifaa cha kupimia. Sehemu ya mwanga huakisiwa juu ya utando, nyingine chini yake, kisha zote hukutana. Ile ya chini imechelewa kulingana na unene wa utando, tena mitetemo iliyo sambamba na uso na ile inayoukatisha haiathiriki sawa. Hivyo mwanga ulioingia ukitetema kwenye mstari mmoja hurudi ukichora duaradufu. Kutokana na umbo hilo tunakokotoa unene, hata wa sehemu ya nanomita, bila kugusa sampuli. Mwanafizikia Mjerumani Paul Drude aliweka msingi wa mbinu hii, elipsometria, mwishoni mwa karne ya 19. Leo hupima oksidi juu ya silikoni ya vifaa vya elektroniki.

Lakini mashine haisomi unene moja kwa moja. Mpimaji lazima akadirie kwanza kuna tabaka gani na za kitu gani. Akikosea hapo, jibu litakosea hata kama vipimo ni safi. Kwa utando angavu, unene tofauti kabisa unaweza kutoa duaradufu ileile chini ya rangi moja ya mwanga. Kwa hiyo tunapima kwa rangi nyingi na pembe kadhaa, hadi ubaki unene mmoja tu unaoafiki vipimo vyote.